Inchi 26, 27.5 au 29: baisikeli gani ya mlimani kwa njia za Malindi na Marafa?

*"Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, naishi Marikebuni. Kazi yangu ni kuzunguka vijiji vya upande wa Marafa, na mara mbili kwa wiki nashuka Malindi mjini. Urefu wangu ni sentimita 158, uzito kilo 61, na nyuma hubeba begi la vifaa, kama kilo 8 hivi. Nina baisikeli ya mlimani ya mtumba ya inchi 26, breki zake ni zile za mpira za kubana rimu, na fremu bado nzima. Shida yangu ni mchanga mwekundu na zile barabara za changarawe zenye mawimbi. Nikifika nyumbani mikono imekufa ganzi. Fundi mmoja aniambia niweke magurudumu ya 29 kwenye fremu hiyo hiyo, ati yataelea juu ya mchanga. Muuzaji wa mjini anasema ninunue 27.5 mpya. Mume wangu asema 29 ni za watu warefu, nitakaa juu mno nianguke, na ni afadhali nibaki na 26 kwa sababu tairi lake liko kila duka. Nimsikilize nani? Pesa niliyo nayo ni ya kununua mara moja tu."*

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe kisha nikueleze sababu zake, maana pesa ya kununua mara moja haitaki kubahatisha. Kwa urefu wako, mzigo wako na njia unazopita, tafuta 27.5 yenye tairi pana, kwa sharti kwamba fremu yake ikutoshe. Ukikutana na 29 yenye fremu ndogo inayokutosha kwelikweli, usiikatae kwa ajili ya namba tu. Lakini kufunga magurudumu ya 29 kwenye fremu yako ya 26, usikubali hata ukifanyiwa bure. Na kabla hujanunua baisikeli yoyote, kuna mambo mawili ya kufanya kwenye baisikeli uliyo nayo sasa. Nina hakika kiasi kikubwa cha mateso yako kimetoka kwenye upepo wa matairi na ukubwa wa fremu, si kwenye namba 26.

Tuziangalie kwanza hizo namba, kwa sababu zinapotosha watu kila siku. Inchi 26, 27.5 na 29 ni makadirio ya kipenyo cha gurudumu likiwa limevaa tairi. Kipimo cha kuaminika ni cha rimu, pale ukingo wa tairi unapokaa, nacho huandikwa ubavuni mwa tairi kwa milimita. Rimu ya 26 ya baisikeli ya mlimani ni 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Kwa hiyo ukisoma 57-584 ubavuni, ujue tairi lina upana wa milimita 57 na linaingia rimu ya 584, yaani 27.5.

Sasa tazama mtego uliopo. Ile Black Mamba ya inchi 28 tunayoijua sote, rimu yake ni 635. Ni kubwa kuliko ya 29! Ukinunua tairi la Black Mamba ukidhani litaingia 29 "kwa sababu zinakaribiana", litacheza kwenye rimu kwa milimita 13 na halitakaa kamwe. Vivyo hivyo 26 nayo si moja. Baisikeli nyingi za mtumba za akina mama, zenye kikapu mbele, zina tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ni 590. Tairi hilo haliingii kwenye rimu yako ya 559, ingawa yote mawili huitwa ishirini na sita. Kwa hiyo mume wako ana haki anaposema tairi la 26 linapatikana kwa urahisi, lakini hata hilo lisomwe ubavuni kabla ya kulipa.

Ukivalisha rimu hizo tatu tairi la upana mmoja, tuseme inchi 2.1, vipenyo vyake kamili ni karibu milimita 665, 690 na 728. Angalia nafasi zilizopo kati yake. Kutoka 26 kwenda 27.5 unaongeza milimita 25 tu, na kutoka 27.5 kwenda 29 unaongeza 38. Kwa maneno mengine, 27.5 haiko katikati. Ni jirani wa 26 zaidi kuliko wa 29, na ndiyo sababu huwafaa watu wafupi. Tena ukivalisha rimu ya 26 tairi pana la 2.35, kipenyo kinafika karibu 679, pungufu ya 27.5 yenye tairi jembamba la 2.0 kwa milimita kama 5. Anayekuahidi ulimwengu mpya kwa kutoka 26 kwenda 27.5 anatia chumvi. Faida ya 27.5 iko kwingine: siku hizi fremu za ukubwa huo hutengenezwa zikiwa na nafasi ya tairi pana na breki za diski, na fremu nyingi za zamani za 26 hazina nafasi hiyo.

Sasa tuje kwenye njia zako. Gurudumu likikuta jiwe la matumbawe lenye kimo cha sentimita 10, haliligongi likiwa wima. Linaligusa kwa pembe, na pembe hiyo ikiwa kali unarushwa nyuma na kupoteza mwendo. Kwa gurudumu la 26 pembe hiyo ni karibu digrii 46, kwa 27.5 ni karibu 45, na kwa 29 ni karibu 43 na nusu. Gurudumu kubwa linapanda kwa urahisi zaidi, hilo ni kweli, lakini pata picha kamili: ni digrii mbili na nusu. Kwenye shimo nako ni hivyo hivyo. Katika ufa wenye upana wa sentimita 20, gurudumu la 26 linadidimia milimita 15 na la 29 milimita 14. Mtu anayekwenda kasi saa nzima juu ya mizizi na mawe atazihisi tofauti hizo zikijumlishana. Wewe unayekwenda kilomita 12 au 15 kwa saa ukiwa na begi nyuma utazihisi kidogo.

Mawimbi ya barabara ya changarawe ni jambo jingine kabisa. Kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine ni kama nusu mita hadi mita moja. Hakuna gurudumu la baisikeli linaloruka nafasi hiyo, liwe 26 liwe 29. Yote yatashuka bondeni na kupanda. Kinachomeza mtikiso huo ni hewa iliyomo ndani ya tairi: tairi pana lenye upepo wa wastani hubonyea, tairi jembamba lililojazwa kama ngoma hupeleka kila wimbi mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo ukibadili kipenyo ukaacha tairi jembamba na upepo ule ule, mikono itaendelea kufa ganzi kwenye baisikeli mpya.

Na mchanga? Hapa ndipo penye maneno mengi yasiyo na msingi, basi tukae kidogo.

Ule mchanga mwekundu wa Magarini, na ule mweupe ulioko ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, unakuzamisha kwa sababu moja: uzito wako unakandamiza eneo dogo mno la ardhi. Chukua gurudumu lako la nyuma. Wewe, begi na baisikeli mkigawanywa, nyuma huangukia kama kilo 50. Tairi likiwa na upepo wa psi 50 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye saa ya pampu), kama wengi wanavyojazwa kwenye kituo cha mafuta, linagusa ardhi kwa eneo la kama sentimita 14 za mraba. Ukishusha hadi psi 25, eneo linakuwa sentimita 28. Umeongeza mara mbili bila kununua kitu. Gurudumu kubwa haliongezi eneo hilo. Linalibadili umbo tu, linakuwa refu na jembamba kidogo, na kwenye mchanga umbo refu husaidia kwa sababu tairi halisukumi rundo kubwa mbele yake. Hapo fundi wako anayo hoja. Kosa lake ni kudhani kwamba kipenyo ndicho kinachoelea. Tairi la 29 lenye upana wa inchi 1.9 na psi 45 litazama mbele ya 26 yenye 2.3 na psi 20.

Kwa nini basi usishushe upepo mpaka mwisho? Kwa sababu ya tyubu. Upepo ukipungua mno na ukakuta ukingo mkali wa jiwe, tairi linabonyea mpaka tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na inatoboka matundu mawili yaliyolingana, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili ya namna hiyo usilaumu mwiba. Upepo ulikuwa mdogo kuliko njia ilivyotaka. Kadiri tairi linavyokuwa pana ndivyo linavyoweza kubeba upepo mdogo bila kubana tyubu, na ndiyo maana nasisitiza upana.

Kwa uzito wako na tairi la 2.25 lenye tyubu, anza na psi 22 mbele na 26 nyuma kwa njia ya mchanganyiko. Ukijua siku hiyo yote ni mchanga mtupu, shusha hadi 16 mbele na 20 nyuma, na ukifika kwenye mawe au lami ujaze tena. Kwa tairi ulilo nalo sasa, ambalo nadhani ni 1.95 au 2.1, usishuke chini ya 28 mbele na 32 nyuma. Nunua pampu ya mguu yenye saa ya kipimo. Kubonyeza kwa kidole gumba hakutofautishi psi 25 na 35, na hapo ndipo penye siri yote. Pampu ya kituo cha mafuta iwe kwa dharura tu. Imetengenezewa matairi ya magari, na inajaza haraka kuliko unavyoweza kuidhibiti.

Mchangani kaa kwenye tandiko, weka gia nyepesi kabla hujaingia, sogeza uzito nyuma kidogo, zungusha miguu bila kusita na uuache usukani utafute njia. Anayekatisha usukani ghafla au kushika breki ya mbele kwenye mchanga mwepesi huanguka, kipenyo chochote awacho nacho.

Mbigili nao wana sura yao. Msimu wa kiangazi punje zake hutapakaa pembeni mwa njia, na hazichagui ukubwa wa gurudumu. Kinga nafuu ni gundi ya maji inayozibia matundu, inayomiminwa ndani ya tyubu yenye valvu inayofunguka moyo wake. Mililita 80 hadi 100 kwa kila tyubu ya upana huo zatosha. Kwa joto la pwani hukauka mapema, kwa hiyo ongeza kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kuendesha bila tyubu kabisa ni kuzuri, lakini kunahitaji rimu na tairi vilivyoundwa kwa ajili hiyo, na mara nyingi upepo wa kompresa kulikalisha tairi. Kwa mtu anayeweza kukwama kati ya Marikebuni na Marafa na begi la dawa, nakushauri ubaki na tyubu. Chagua ya valvu nene kama ya gari, kwa sababu pampu yake haikosekani kwa fundi yeyote wa pancha.

Nije kwa mume wako na hofu ya kukaa juu. Urefu wa kiti haufuati gurudumu. Unapimwa kutoka kwenye mhimili wa pedali, na watengenezaji huuteremsha mhimili huo chini ya mstari wa habu za magurudumu ili ubaki kama sentimita 30 hadi 32 kutoka ardhini, iwe 26 au 29. Kwa hiyo kwenye 29 hukai juu zaidi. Unakaa ndani, katikati ya magurudumu mawili makubwa, na wengi husema wanajihisi imara. Lakini usimcheke, kwa sababu wasiwasi wake una mizizi mahali pengine. Fremu ya 29 ikibanwa iwe ndogo, mambo matatu hujitokeza. Bomba la juu hupanda. Usukani nao hupanda kwa sababu chini yake kuna gurudumu refu na uma mrefu, yaani ile panda inayoshika gurudumu la mbele. Na ncha ya kiatu hukaribia tairi la mbele unapokata kona.

Jipime nyumbani kabla hujaenda dukani. Simama bila viatu ukiegemea ukuta, weka kitabu kati ya miguu kikiwa kimebana juu kabisa kama tandiko, kisha mtu apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Kwa urefu wako utapata karibu sentimita 72. Zidisha kwa 0.883 na utapata kama 63 na nusu, ndiyo nafasi ya kuanzia kutoka kati ya mhimili wa pedali hadi juu ya tandiko. Na bomba la juu, pale unaposimama ukiwa umelipitisha katikati ya miguu, liwe chini ya kipimo chako kwa sentimita 5 au zaidi, yaani lisizidi 67. Zipo 29 za ukubwa mdogo zenye bomba linalofika sentimita 74. Hiyo si yako, hata muuzaji akuapie. Na kama kazini unavaa dera au leso juu ya suruali, tafuta fremu yenye bomba lililoinama sana. Kushuka ghafla mchangani huku nguo imenasa ni hatari kubwa kuliko tofauti yoyote ya inchi.

Jaribio la kiatu ni jepesi: kaa, weka pedali ya mbele sambamba na ardhi, geuza usukani polepole upande huo. Kidole kikigusa tairi, irudishe.

Kuna gharama nyingine ya gurudumu kubwa ambayo wauzaji hawaitaji. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu la 26 lenye tairi la 2.1 unakupeleka mita 2.09, la 27.5 mita 2.17, la 29 mita 2.29. Maana yake gia zote zinakuwa nzito. Ukiwa na sahani ya meno 32 mbele na gia ya meno 32 nyuma kwenye 26, ili upate wepesi ule ule kwenye 29 unahitaji meno 35 nyuma. Ukinunua yenye sahani moja mbele, omba ya meno 30 badala ya 32, kwa sababu utapanda mwinuko wa Marafa ukiwa na mzigo. Yenye sahani tatu mbele, na ndogo kabisa ikiwa ya meno 22 au 24, haina shida. Breki za diski nazo hulazimika kubana kwa nguvu zaidi kwa kiasi kile kile, karibu asilimia 9.

Uimara je? Spoki za 29 ni ndefu, karibu milimita 290 zikilinganishwa na 260 za 26, na gurudumu lenye spoki ndefu huyumba kwa urahisi zaidi likisukumwa kwa ubavu. Kwa kilo zako si tatizo kubwa, ila nyuma penye keria na begi ningetaka spoki 36, au 32 zilizokazwa vizuri. Muhimu zaidi ni madini yake. Hewa yetu ya chumvi inakula spoki za zinki, yaani za chuma kilichopakwa zinki, kuanzia pale zinapoingia kwenye chuchu za rimu, na siku moja zinakatika mbili tatu kwa mpigo. Beba sumaku ndogo dukani. Spoki ya chuma kisichoshika kutu hushika sumaku kwa udhaifu au haishiki, ya zinki hunata kwa nguvu. Ukiteremka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, osha baisikeli kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo, ikaushe, utie mafuta cheni.

Huenda umesikia kwamba mashindano yamekwisha kuamua. Machi 2012 Nino Schurter wa Uswisi alishinda Kombe la Dunia mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, akiwa na 27.5. Miezi michache baadaye katika Olimpiki ya London, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki alimpita dakika za mwisho akiwa na 29. Na Schurter mwenyewe alipochukua dhahabu ya Rio 2016 alikuwa juu ya 29. Hivyo basi kwa kasi ya mashindano 29 imetawala. Lakini wale wana mafundi wanaowasubiri na gurudumu la akiba pembeni mwa njia, na hawabebi begi la dawa. Swali lako ni la kufika salama na kurudi kila siku, nalo lina mizani yake.

Kuhusu kubadili magurudumu kwenye fremu ya zamani, nieleze kinachotokea ili umjibu fundi kwa heshima na kwa hoja. Rimu ya 29 inakaa milimita 31 na nusu juu zaidi ya rimu ya 26. Mpira wa breki yako unaweza kupandishwa milimita chache tu, kwa hiyo utabana spoki badala ya rimu. Kwa lugha nyingine, huna breki. Tairi litagusa daraja la uma wa mbele na lile la nyuma ya mhimili, na hata likipita kwa kunyolewa mpira, nafasi isiyofika milimita 6 kila upande hujaa udongo mwekundu wakati wa masika na gurudumu hujifunga. Na ikitokea vyote vikaingia, mhimili wa pedali utakuwa umepanda sentimita 3, hapo ndipo utakapokaa juu kweli kama mume wako anavyohofu. Kuweka 27.5 kwenye fremu hiyo nako kunashindikana kwa breki za mpira, maana tofauti ni milimita 12 na nusu.

Sasa yale mambo mawili niliyokuahidi. La kwanza, shusha upepo kama nilivyoeleza, na ukipata nafasi ya kutosha kwenye uma, vaa tairi la 26 x 2.25 au 2.35. Pima kwanza: kati ya fremu na tairi jipya zibaki milimita 6 kila upande. La pili, tazama unavyokaa. Mikono inayokufa ganzi mara nyingi inabeba uzito usio wake, kwa sababu fremu ni ndefu mno au tandiko limeinamia mbele. Lisawazishe tandiko liwe tambarare, na ikiwezekana weka shingo fupi ya usukani, ya milimita 60 badala ya 90 au 100. Endesha hivyo wiki mbili. Mikono ikipona, umegundua kwamba pesa yako inaweza kusubiri. Ikiwa baisikeli bado ni kubwa kwako, nenda kanunue ukiwa na namba mkononi.

Ukinunua, hivi ndivyo ningechagua: 27.5, fremu ya inchi 13.5 hadi 15 kwa kipimo cha bomba la kiti, tairi la 2.25 na nafasi ya kuvaa hata 2.4, breki za diski za waya kwa kuwa waya na pedi zake hubadilishwa na fundi yeyote mwenye uzoefu, na matundu ya kufungia keria nyuma. Uma wenye springi wa bei ya chini una uzito wa kilo mbili na zaidi, na kwa chumvi hugandamana baada ya muda. Ukipata wenye uma mgumu na tairi pana kwa bei ile ile, chukua huo. Nunua siku hiyo hiyo tyubu mbili za akiba za 27.5, usingoje pancha. Zikikosekana kabisa, tyubu ya 26 hunyumbuka ikaingia 27.5 na kukufikisha nyumbani. Hiyo ni sababu moja zaidi ya mimi kuipendelea kuliko 29 kwa mtu wa Marikebuni.

Baada ya kilomita 100 za mwanzo, ipeleke kwa fundi mwenye stendi ya kunyooshea magurudumu akaze spoki upya, kwa sababu gurudumu jipya hulegea. Ukisikia mlio wa kukatika spoki, au ukiona ufa wa rangi karibu na maungio ya fremu, usiipande hata kwa hatua mia. Ufa wa fremu hauzibwi kwa rangi, na fremu ya alumini haichomelewi kiholela barabarani. Na kuhusu mwili: ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete ikiendelea saa nzima baada ya kushuka, au ikikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vitu mkononi, usiendelee kurekebisha usukani ukingoja. Huenda huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kiganja. Muone daktari au mtaalamu wa viungo hospitalini, na ukienda umweleze saa unazokaa barabarani kila wiki.